Donge Liumalo Kama Umeme Lipimwe Kabla ya Kukatwa



Barua tuliyoichagua wiki hii imetufikia kutoka bara. Aliyeiandika ni mama mwenye asili ya pwani aishiye Majengo, mjini Meru, na jina lake twalihifadhi kama alivyotuomba. Binti yake ana umri wa miaka 17. Yapata miaka miwili sasa ameota donge katika mkono wa kulia, upande wa ndani, juu kidogo ya kiwiko. Donge halikui kwa haraka, wala ngozi iliyo juu yake haijabadilika rangi. Lakini likigongwa, hata na ukingo wa meza, binti hupatwa na mshtuko mfano wa umeme, ukateremka hadi kidole cha pete na kile kidogo cha mwisho. Mama ataka tujue kuwa binti huyu ni mchoraji hina. Maharusi wa Meru humwita, na hata wa Isiolo, na mkono huo wa kulia ndio kalamu yake.

Walipokwenda kwenye zahanati moja waliambiwa ni uvimbe wa mafuta, utatolewa asubuhi, na adhuhuri itamkuta binti nyumbani. Bei ilikuwa nafuu. Mama angekubali papo hapo, lau si mkasa wa dada yake aishiye Embu. Dada huyo, miaka kadhaa iliyopita, alitolewa kinundu kando ya goti, upande wa nje. Naye pia aliambiwa ni mafuta. Tangu siku ile unyayo wake haunyanyuki; ndala humvuka njiani, na akisujudu hana budi kuvipanga vidole vya mguu kwa mkono.

Mama atuuliza mambo matatu. Je, kuna njia ya kujua donge ni la nini kabla ya kisu? Daktari mwingine amemwandikia ultrasaundi. Je, msichana asiyeolewa aonekane akiingia chumba cha ultrasaundi, watu watasema nini? Na la mwisho, akifungwa bendeji ataswali vipi?

Tuanze na neno lenyewe, kwa sababu Kiswahili chetu hapa chatuchanganya. Mshipa ni njia ya damu. Mshipa tena ni njia ya fahamu, ile ipelekayo habari za maumivu na baridi kwenye ubongo na kuleta amri za mwendo. Na pwani, mzee akisema ana mshipa, aweza kuwa na maana ya maradhi ya kinena ambayo wengine huyaita ngiri. Mwanamke akimwambia daktari wa bara kwamba mshipa wake umevimba, daktari aweza kuandika kitu kingine kabisa. Kwa hiyo katika safu hii tutasema neva, na twawashauri wasomaji walitumie neno hilo hospitalini. Hata bora kuliko neno ni maelezo: likiguswa lapiga kama umeme, na umeme huo waenda mpaka hapa.

Maelezo hayo yana thamani kubwa. Kila mtu amewahi kugonga kiwiko akahisi moto ukimshukia mpaka kidole cha mwisho. Hiyo si mifupa, ni neva ipitayo nyuma ya kiwiko, karibu kabisa na ngozi. Neva hiyo hiyo hupanda ndani ya mkono na kupita pale alipoota binti wa Meru donge lake. Ndiyo inayoamrisha misuli midogo ya kiganja, ile itanuayo vidole na kuvikutanisha, na kuutuliza mkono wakati wa kazi nyembamba. Neva ya kando ya goti nayo, ile aliyoumizwa dada wa Embu, huuzunguka mfupa mwembamba wa mguu chini tu ya goti, na kazi yake ni kunyanyua unyayo.

Neva si uzi mmoja. Ni kama kamba iliyosokotwa kwa nyuzi nyingi, na kila uzi una kifuniko chake. Seli za kifuniko hicho zilielezwa katika karne ya 19 na mwanasayansi wa Kijerumani, Theodor Schwann, na jina lake ndilo lililobaki kwenye uvimbe unaotokana nazo, shwanoma. Mara nyingi huota mmoja tu, hukua polepole kwa miaka, na katika watu walio wengi si saratani. Hukaa ubavuni mwa neva ukizisukuma nyuzi pembeni. Daktari bingwa ajuaye kuwa yuko juu ya neva hupasua kifuniko kwa urefu, akazitenga nyuzi, kisha akaambua kivimbe taratibu kama tunda litolewavyo ganda, na nyuzi zikabaki nzima. Uvimbe wa pili, nyurofibroma, ni mgumu zaidi kwa sababu nyuzi za neva hupita ndani yake, hivyo kuutoa wote bila kuzigusa ni shida. Uvimbe wa mafuta, kwa upande mwingine, hushikwa na kukatwa, basi.

Hapo ndipo ilipo hatari. Kwa nje mavimbe haya hufanana. Yote ni ya mviringo, yote huteleza chini ya vidole. Atakayeukata uvimbe wa neva kwa namna akatavyo mafuta ataondoka na kipande cha neva, na neva iliyokatwa hairudi kwa kushonwa ngozi. Tofauti zipo kwa mwenye kutazama: uvimbe wa neva husogea kushoto na kulia lakini hukataa kusogea juu na chini, kwa kuwa umeshikwa na kamba yake. Ukigongwa kwa ncha ya kidole, hutuma ule umeme. Zahanati haikuligonga donge la binti, asema mama. Hatutamlaumu mtu tusiyemsikia, lakini kugonga kwa kidole hakulipiwi.

Sasa tuje kwenye ultrasaundi, ambayo wanawake wengi huijua kwa jina la mashine ya wajawazito.

Kihistoria jina hilo halikuistahiki peke yake. Mwaka 1958 daktari wa uzazi wa mji wa Glasgow, Ian Donald, pamoja na mwenziwe John MacVicar na mhandisi Tom Brown, walichapisha katika jarida la Lancet habari za kupima uvimbe wa tumbo kwa mawimbi ya sauti. Miongoni mwa wagonjwa wao alikuwamo mwanamke aliyehukumiwa kuwa na saratani ya tumbo isiyoweza kutibika. Mashine ilionyesha mfuko wa majimaji uliotokana na ovari. Ukatolewa, naye akapona. Tangu mwanzo, basi, kazi ya mashine hii ilikuwa kuuliza swali lile lile aulizalo mama wa Meru: donge hili ni la nini? Mimba ilipimwa katika kazi hiyo hiyo, na ndiyo iliyopata umaarufu. Kufikia 1988 wataalamu walikuwa wakichapisha picha za neva za mikono na miguu.

Sauti tuisikiayo kwa masikio huishia kwenye mitikisiko 20,000 kwa sekunde. Mashine hii hutumia mamilioni. Kifaa ashikacho mpimaji mkononi hutuma sauti hiyo mwilini na kusikiliza mwangwi wake, na mwangwi hugeuzwa kuwa picha. Hakuna miale kama ya eksirei, ndiyo maana hata mja mzito hupimwa. Ila kuna jambo moja ambalo twaomba lisisahaulike. Kifaa cha kupimia mimba kimepinda kama nusu ya sahani, na sauti yake ni ya chini ili ifike mbali tumboni. Chatazama kina, hakitazami vitu vidogo vilivyo karibu na ngozi. Neva hutaka kifaa kilichonyooka, chenye sauti ya mitikisiko zaidi ya milioni 10 kwa sekunde. Hicho ndicho kitumikacho kupima matiti na tezi ya shingo. Basi mgonjwa asiulize tu kama hospitali ina ultrasaundi. Aulize kama ina kifaa cha kupimia matiti na shingo, na kama mpimaji amewahi kufuata neva.

Wengi wetu pwani twaijua Meru kwa miraa na Embu kwa muguka, na tangu yale magombano ya Mei 2024, pale kaunti za pwani zilipojaribu kuuzuia muguka, twazijua kwa mabishano. Miji hiyo ina misikiti yake na familia zetu ndani yake, na haikukosa matibabu. Kuna hospitali ya rufaa Meru, kuna ya Embu, na katikati ya njia kuna Chogoria iliyoanzishwa na wamishonari mwaka 1922. Katika mpango wa serikali wa kukodi mitambo ulioanza 2015, hospitali mbili za kila kaunti zilikusudiwa kupata vifaa vya picha, ultrasaundi ikiwemo. Kwa hiyo mashine si jambo geni. Kinachotofautiana kutoka mlango mmoja hadi mwingine ni kifaa kile kilichonyooka na jicho la mpimaji. Heri kupiga simu kabla ya kupanda matatu, na kuuliza pia ni kiasi gani SHA italipa, maana tangu ilipochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024 wengi hufika dirishani wakidhani jambo ambalo silo.

Mpimaji mzuri haanzi kwenye donge. Huanza kwenye kifundo cha mkono, mahali ambapo neva yajulikana ilipo, akaifuata kupanda polepole mpaka afike. Neva ikikatwa na picha kwa upana huonekana kama kipande cha sega la nyuki: vitundu vyeusi katika weupe. Akilifikia donge huuliza swali moja kubwa: je, neva yaingia upande huu na kutoka upande ule? Ikiwa kivimbe ni cha umbo la yai, cheusi-cheusi, chenye mpaka safi, nacho kina mkia wa neva juu na mkia wa neva chini, jibu limepatikana. Hakuna uvimbe wa mafuta wenye mikia hiyo. Kivimbe kilichokaa ubavuni mwa neva huelekea kuwa shwanoma. Neva ikionekana kupita katikati, nyurofibroma yadhaniwa, ingawa tofauti hii si ya kuapia.

Pale juu ya kiwiko pana pia tezi ya limfu, ambayo huvimba mtu akiwa na kidonda mkononi. Hiyo ina alama yake nyeupe katikati kama kitovu cha kunde. Mfuko wa majimaji ya kiungo huwa mweusi mtupu, usio na damu ndani. Na mashine ikiwashwa rangi huonyesha damu ipitayo, hivyo mtu huokolewa asije akakatwa mshipa mkubwa wa damu uliotuna akidhaniwa ana jipu. Hayo yote hufanyika kwa dakika chache, na mkono wa pili hupimwa kwa kulinganisha.

Wasomaji wa pwani twawaongezea jambo. Neva yote ikiwa nene kwa urefu, bila donge moja, na ngozi ikiwa na baka lisilohisi, hapo ukoma hauna budi kufikiriwa. Ugonjwa huo haujatoweka pwani yetu, dawa zake ni za bure, na ukitibiwa mapema vidole hubaki salama. Aibu imewachelewesha wengi.

Na mtu akikutwa na mavimbe mengi ya neva, atazamwe ngozi. Madoa sita au zaidi ya rangi ya kahawa, bapa, ya tangu utotoni, pamoja na vinundu laini, ni dalili za ugonjwa wa kurithi uitwao nyurofibromatosisi, unaompata takriban mtoto mmoja kati ya 3,000. Si kijicho, si jini, wala si kwamba mama alitamani kitu mimbani. Karibu nusu ya walio nao ndio wa kwanza katika ukoo wao. Vinundu vyaweza kuongezeka wakati wa mimba, na kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuurithi, basi mazungumzo na daktari kabla ya ndoa ni haki ya pande zote mbili.

Ultrasaundi ina mipaka yake. Haitoi hukumu ya mwisho kama uvimbe ni salama. Hiyo hutolewa na maabara, baada ya nyama kutazamwa kwa hadubini. Donge likikua ghafla, likiuma usiku bila kuguswa, mkono ukianza kudhoofika, au likizidi sentimita tano, mgonjwa asisubiri miadi ya mbali. Huenda akahitaji MRI na safari ya Nairobi, zaidi ya kilomita 200 kutoka Meru. Lakini si kila donge la neva lazima litolewe. Lililo dogo, lisilosumbua, laweza kuachwa na kupimwa tena baada ya miezi.

Lisilofaa ni kulichua. Wala lisichanjwe, wala hijama isipigwe juu yake. Twaipenda hijama na tumeiandika humu mara nyingi, lakini mpigaji aliyefunzwa hukwepa mahali penye donge lisilojulikana, na asiyekwepa si wa kumwendea.

Swali la pili la mama limetusikitisha, si kwa sababu yake yeye. Binti alikuwa na karatasi ya daktari mkononi kwa wiki tano, na wiki hizo zote alizuiwa na benchi lililo nje ya chumba cha ultrasaundi, ambapo jirani angeweza kumwona. Dini yetu imetufundisha kumdhania mwenzetu mema na imetuonya dhidi ya kuchunguza siri za watu. Anayeona msichana kwenye benchi akarudi mtaani na hadithi ya mimba ndiye mwenye jambo la kujibu. Mjane naye hupimwa goti, mzee wa kiume hupimwa shingo, wote kwenye benchi lile lile. Hata hivyo twajua kuwa kusema ni rahisi, na Majengo ya Meru ni padogo kama mitaa yetu. Mama afuatane na binti. Wakifika mapokezini, aseme kwa sauti ya kusikika: tumekuja kupima mkono.

Ndani, aombe mpimaji wa kike. Mara nyingi yupo kwa kuwa wajawazito ndio wengi. Asipokuwapo, wanazuoni wameruhusu tiba kwa kadiri ya haja, na haja hapa ni sehemu ya mkono kuzunguka neva, mama akiwa chumbani. Avae baibui ya mkono mpana ipandayo bila kuvuliwa. Jeli hupanguswa kwa karatasi, kisha aoshe mkono mpaka uteleze uishe, ndipo atawadhe.

Tulipompigia mama simu kabla ya kuandika haya, binti alikuwa amekwisha pimwa. Alitusomea karatasi: kivimbe chenye umbo la yai, sentimita mbili, neva yaingia na yatoka. Si mafuta. Ameandikiwa daktari bingwa wa upasuaji, na twamshauri mama aulize mambo haya waziwazi: Je, umewahi kutoa uvimbe wa neva? Utatumia miwani ya kukuza? Nyama itapelekwa maabara? Na tukiuacha kwa miezi sita, tutahatarisha nini? Hata kwa mikono mizuri ganzi ya muda yaweza kubaki, hivyo tarehe isipangwe katikati ya msimu wa harusi. Dada wa Embu naye asikate tamaa: mazoezi ya viungo na kifaa cha kushikilia unyayo humsaidia mtu kutembea bila kuburura, na daktari wa neva aweza kumtazama hata sasa.

Kuhusu swala, bendeji haiondoi wajibu wake wala haiifanyi kuwa nzito. Katika madhehebu ya Shafi, yafuatwayo na wengi wetu pwani, huosha viungo vilivyo wazi, akapangusa maji juu ya bendeji, na akatayamamu kwa ajili ya sehemu iliyofunikwa. Yapo masharti, mathalani bendeji ifungwe akiwa na udhu na isizidi haja, na kuna hali ambazo swala hulipwa baadaye. Haya amuulize imamu wa msikiti wake kabla ya siku ya upasuaji, si baada yake. Na mkono ukiwa hauwezi kuegemewa katika sijida, asujudu kwa kadiri awezavyo, uso wake na mkono wa kushoto vikifika chini.